Nani Ameotea Kwenye Picha ya Bruce Lee?

Mfyuuu!

Nimesonya mpaka babu muuza kahawa kageuka, akadhani nimekuta kitu kikombeni. Babu wa watu hana kosa. Niliyemsonya ni kijana mmoja, mtoto wa hapa hapa Ngamiani, Tanga, aliyerudi likizo kutoka chuoni Dar es Salaam na begi la nguo chafu na kichwa cha maneno mapya. Kaketi kwenye benchi letu, kapewa kikombe na kipande cha kashata, na kabla hajatafuna akatangaza: "Filamu ni mali ya dairekta. Huyo ndiye otea."

Kijiwe kikanyamaza. Wacheza drafti wakaacha kete mkononi. Dereva wa bodaboda aliyekuwa kajilaza juu ya pikipiki yake akafumbua jicho moja akauliza: "Kaotea nani? Mpira gani huo, mbona hamkuniamsha?"

Tulicheka mpaka babu akaweka birika chini. Kijana naye, mstaarabu, akasubiri tumalize ndipo akaeleza kwamba si mpira. Ni neno la Kifaransa, linaandikwa auteur, linatamkwa jirani na "otea" yetu, na maana yake ni mtunzi. Wajuzi wa sinema hulitumia kwa yule ambaye filamu ni yake kama utenzi ulivyo wa malenga: wengine wanaweza kuunakili, kuughani na kuusambaza, lakini mwenyewe ni mmoja.

Sasa kwetu sisi kuotea kuna maana tatu, na zote tumezijua tangu utoto. Mshambuliaji akijipenyeza nyuma ya mabeki kabla pasi haijatoka, kaotea. Mwanafunzi akijibu swali asilolisoma, kaotea. Na mwindaji akijibanza kichakani, pumzi kaibana, akingoja mnyama asogee hatua moja tu zaidi, naye anaotea. Wafaransa wametuongezea ya nne. Msomaji wangu, ziweke zote nne mfukoni, maana kabla birika halijaisha tutazihitaji.

Nimtendee haki kijana: hoja yake si ya kijinga. Anasema mwaka 1954 Mfaransa mmoja, François Truffaut, akiwa na miaka 21 tu, aliandika makala kwenye jarida la Cahiers du cinéma akiwashukia watengeneza filamu wa kwao. Kosa lao, picha zilikuwa za waandishi wa hadithi, na dairekta alikuwa kama kondakta wa basi, kazi yake kuhakikisha watu wamepanda na mlango umefungwa. Truffaut na wenzake wakataka dairekta awe ndiye mwenye safari. Mwaka 1962 Mmarekani Andrew Sarris akalivusha wazo hilo bahari. Ikatolewa mifano: mtazame Alfred Hitchcock, kafanya kazi na studio tofauti, waandishi tofauti, mastaa tofauti, lakini ukikaa dakika tano unajua huyu ni yeye. Kwa hiyo yeye ndiye otea.

Sawa. Nimekubali. Sasa naomba nisonye tena.

Mfyuuu! Maana mimi nimezaliwa mji huu, nimekua kwenye vibanda umiza vya mji huu, na sijawahi kumsikia binadamu akisema, "Leo kuna picha ya dairekta Robert Clouse." Ubao wa nje, ulioandikwa kwa chaki, ulikuwa na majina ya aina moja tu: Bruce Lee. Jackie Chan. Van Damme. Schwarzenegger. Jina halisi la filamu lilikuwa anasa, na jina la dairekta lilikuwa maandishi madogo yanayopita wakati watu bado wanagombea nafasi ya kukaa. Tulichouliza mlangoni ni kimoja: "Stelingi nani?" Ukishajibiwa, ulikuwa unajua unanunua nini kwa senti zako, kama unavyojua ladha ya maandazi ukimjua anayeyapika.

Na stelingi huyo aliingia hata kwenye lugha. Muulize mtu yeyote aliyewahi kubeba nyanya: ile mifuko ya plastiki, kabla serikali haijaipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019, tuliiitaje? Rambo. Nenda soko la Mgandini umwulize mama wa dagaa Ted Kotcheff ni nani. Atakuuliza kama anadaiwa. Kumbe ndiye dairekta wa Rambo ya kwanza, ile ya mwaka 1982. Na wale wachekeshaji tunaowaita machale? Wapo wasemao neno hilo limetoka kwa Charlie Chaplin mwenyewe, yule wa kofia na fimbo.

Kijana akatikisa kichwa. "Hiyo ni biashara, kaka. Sura inauza. Ng'ombe amechorwa kwenye pakiti ya maziwa, lakini haimaanishi ng'ombe ndiye mwenye kiwanda."

Fundi cherehani, ambaye kibaraza chake ndicho kivuli chetu, hakuinua hata macho kwenye pindo alilokuwa akishona. "Kiwanda si chake," akasema. "Lakini maziwa ni ya nani?"

Hapo ndipo baraza lilipofunguliwa rasmi.

Babu muuza kahawa akavuta kigoda. Babu huyu ujana wake wa miaka ya 1970 aliumalizia kwenye viti vya sinema ya Majestic, hapa hapa mjini, na akianza kusimulia picha unaweza kuapa umenunua tiketi. Akamwambia kijana: "Mwanangu, wewe umesoma. Mimi nimetazama. Nikueleze The Big Boss."

Ni picha ya mwaka 1971, ilipigwa Thailand, pembezoni kabisa, kwa fedha za kubana. Bruce Lee ni kijana wa shamba anayepelekwa kwa binamu zake wanaofanya kazi kwenye kiwanda cha barafu. Ndani ya mapande ya barafu mnafichwa dawa za kulevya, na mfanyakazi anayegundua siri hurejea nyumbani akiwa hadithi. Lakini stelingi wetu kamwahidi mama yake hatapigana tena, na shingoni kavaa kidani cha jiwe la kijani kimkumbushe ahadi hiyo.

"Sasa tazama alivyotufanya," babu akasema. "Binamu zake wanapigwa, yeye anakishika kidani. Wanapigwa tena, anauma meno. Wahuni wanamtukana, anageuza uso. Ukumbi mzima tunalia: piga! Mwanamume kakaa. Saa nzima karibu inakwenda. Halafu kwenye fujo mmoja akakikata kile kidani. Bruce akakiangalia. Hakupiga hapo hapo, akakiangalia kwanza. Halafu akainua uso. Watu tulisimama juu ya viti kabla hajarusha teke, mwanangu. Kabla!"

Akamimina kahawa, akamalizia taratibu: "Yule hakuwa anaigiza hasira. Yule alikuwa anaotea."

Unaona? Maana ya tatu hiyo, ya mwindaji kichakani. Na mimi nikaona hapo ndipo penye mlango wa hoja yetu, maana hakuna anayekataa kwamba Bruce Lee alijua kupiga. Wajua kupiga wamejaa duniani, wengine hata hapa stendi wapo. Alichokuwa nacho yeye ni ule muda kabla ya kupiga. Muda huo kauandika nani? Kwenye karatasi ya mwandishi husomeka tu, "anakasirika, anampiga." Dairekta anaweza kusema, "Kamera ije karibu." Lakini jicho likae sekunde ngapi kwenye kidani kilichokatika, pumzi iingie lini, bega lishuke kiasi gani kabla mguu haujanyanyuka: hiyo ni hesabu aliyoipiga mmoja tu, mwenye mwili.

Nikasema, basi tumenye kitunguu. Tutoe ganda moja moja tuone filamu inabaki ya nani.

Tutoe dairekta kwanza. The Big Boss na Fist of Fury ya mwaka 1972 ziliongozwa na Lo Wei, mtu wa Hong Kong ambaye inasimuliwa kwamba alikuwa akisikiliza mbio za farasi redioni huku wenzake wakipiga picha. The Way of the Dragon, mwaka huo huo wa 1972, Bruce aliiongoza mwenyewe. Enter the Dragon ya 1973 iliongozwa na Robert Clouse, Mmarekani, kwa fedha za Hollywood. Madairekta watatu, mmoja mpenda farasi, mmoja mgeni, mmoja mwenyewe. Zipange filamu zote nne usiku mmoja. Ule mwendo wa paka ni ule ule. Kule kupangusa pua kwa kidole gumba ni kule kule. Ukimya kabla ya dhoruba ni ule ule. Kama dairekta ndiye otea, basi hawa watatu walinakiliana.

Tutoe sauti. Filamu za Hong Kong enzi hizo zilitiwa sauti baada ya kupigwa, na maneno mengi tunayoyasikia kinywani mwa Bruce kwenye zile mbili za kwanza yalisemwa na watu wengine. Na sisi huku tukaongeza yetu: kwenye vibanda umiza, watafsiri wetu walimwekea Kiswahili cha mtaani juu yake, wakampa utani ambao hajawahi kuuota. Alipotea? Hata kidogo. Bado alikuwa yeye.

Tutoe hadithi. Nani anakumbuka hadithi? Mtu kauawa, ndugu au mwanafunzi wake analipiza. Hadithi hiyo iliuzwa Hong Kong kama mihogo, kila kona. Mapigano ya The Big Boss yalipangwa na Han Ying-chieh, huyo huyo aliyeigiza kama bosi mwenyewe. Kwa hiyo kwenye The Big Boss dairekta si Bruce, sauti si yake, hadithi si yake, na hata jina la mpangaji wa mapigano si lake. Maganda yote yamekwisha, na bado ukumbi mzima wa Majestic unasema: picha ya Bruce Lee.

Kijana akajaribu kuchomoka. "Lakini mwisho wa Fist of Fury je? Anaruka kuwaendea wenye bunduki, picha inaganda akiwa hewani, milio inasikika. Kugandisha vile ni kazi ya dairekta!"

Kweli. Nampa Lo Wei nukta yake, na farasi wake ashinde. Ule mwisho ni mzuri kiasi kwamba mpaka leo kuna watu wazima wanaokubishia kwamba stelingi hakufa. Lakini nikamwuliza kijana: angemgandisha nani mwingine hewani? Tia mtu mwingine pale, kagandishwa na mikono yake, ni mtu aliyeruka dimbwi. Uso ule, mdomo ule uliopasuka kwa kelele, mwili ule uliofunguka kama upanga, ndivyo vilivyomfanya dairekta aone kwamba hapo ndipo pa kusimamisha saa.

Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui kumhusu mtu huyu, na kwangu ndilo linalofungua kufuli. Mbali na ubingwa wa ngumi, Bruce Lee alikuwa bingwa wa dansi. Mwaka 1958, Hong Kong, alishinda mashindano ya cha-cha. Kijana wa miaka 17, viatu vinang'aa, kiuno kinahesabu. Sasa rudi utazame pambano lake na Chuck Norris ndani ya Colosseum ya Roma kwenye The Way of the Dragon. Mwanzo anapigwa, tena vizuri. Anapigana kwa mtindo mgumu, na Norris ana nguvu kumzidi. Halafu anasimama. Anaanza kurukaruka kidogo, kisigino juu, bega huru, kama Muhammad Ali ambaye filamu za ngumi zake alizitazama sana. Kabadilisha ngoma. Kuanzia hapo Norris anacheza ngoma asiyoijua, na kila akikanyaga, mguu umeshachelewa. Pembeni kuna paka mdogo anatazama. Na baada ya kumwua, Bruce anamfunika mpinzani kwa nguo na mkanda wake, taratibu, kwa adabu ya msibani. Dakika zile hazina maneno. Zina mdundo tu, na mdundo ni wa mtu mmoja.

"Kwa hiyo," dereva wa bodaboda akasema, sasa kaamka kabisa, "dairekta kajenga ukumbi, lakini mpiga ngoma ni stelingi."

Nikamwambia kashapata shahada, na hajaenda hata chuo.

Kama bado una shaka, nakuletea ushahidi wa mwisho, na huu hauna rufaa. Bruce Lee alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, ana miaka 32. Aliacha vipande vya filamu aliyoanza kuipiga mwaka 1972 kisha akaisimamisha ili akafanye Enter the Dragon. Iliitwa Game of Death. Wenye fedha hawakutaka kulaza mali. Wakamwita Robert Clouse, dairekta yule yule wa Enter the Dragon, aimalizie. Kumbuka hapo: dairekta ni yule yule. Kama filamu ni mali ya dairekta, hatuna wasiwasi, sivyo?

Ikatoka mwaka 1978. Mzee, jionee mwenyewe. Wamechukua watu wengine wakawavisha miwani mikubwa myeusi, wakawabandika ndevu, wakawapiga picha kwa mgongo. Kuna sehemu kwenye kioo wamebandika picha ya uso wa Bruce juu ya shingo ya mtu mwingine, kama mtoto wa chekechea aliyepewa gundi. Hawakutosheka, wakachukua picha za mazishi yake ya kweli, jeneza na maiti, wakazitia ndani ya hadithi. Nywele zile zile. Nguo zile zile. Na filamu imelala chali, haipumui.

Halafu kuelekea mwisho, mlango unafunguliwa, na anaingia yeye mwenyewe na ile suti ya manjano yenye mstari mweusi. Ni dakika kama 11 tu za vipande alivyoviacha. Anapigana na Kareem Abdul-Jabbar, mcheza kikapu mwenye urefu wa sentimeta 218, ambaye mguu wake peke yake ni kimo cha mtu. Na ghafla filamu iliyokuwa maiti inaketi kitako na kuomba maji. Hakuna aliyekuambia kwamba sasa ni yeye. Huhitaji kuambiwa. Mwili wako umeshajua, kama unavyojua kwa mbali, gizani, kwamba anayekuja ni baba yako kwa namna anavyoburuza kandambili.

Na baada ya kifo chake wakaja wengine: Bruce Li, Bruce Le, Dragon Lee. Majina yamefinyangwa makusudi ili ubao wa chaki udanganye. Walikuwa wapiganaji hasa, si watu wa kubezwa. Tulilipa, tukaingia, tukatazama, tukatoka tukisonya. Walikuwa na mateke. Walikuwa na kelele. Hata kupangusa pua walipangusa. Lakini hao ndio walikuwa wakiotea kwa maana ya mwanafunzi asiyesoma.

Fundi cherehani akakata uzi kwa meno. Naona alikuwa akingoja zamu yake. "Na Amitabh je?" Mji wa pwani bila Amitabh Bachchan hauwezi kuzungumza sinema, ni kama pilau bila bizari. Akakumbusha Deewaar ya mwaka 1975, yule kibarua wa bandarini, shati la buluu limefungwa fundo kiunoni, kamba begani. Vijana wa nchi nyingi wakafunga mafundo. "Sasa," fundi akasema, kifua kimepanda, "Amitabh mwenyewe kaeleza: shati lile fundi alilikosea, akalishona refu kupita kiasi. Muda wa kushona jingine hamna, akalifunga fundo. Kwa hiyo otea wa Deewaar ni fundi cherehani."

Tukampigia makofi, anastahili. Lakini ndani ya mzaha ule mna hoja nzito: kosa la fundi lingebaki kosa kama lingemwangukia mtu mwingine. Yule alilichukua akalifanya tabia ya mhusika. Stelingi mwenye kipaji cha utunzi hutumia kila kinachomwangukia.

Kijana wa chuo, nimsifu, akajibu vizuri. Akasema hasira ya Amitabh iliandikwa. Waandishi wawili, Salim Khan na Javed Akhtar, ndio waliomtungia Zanjeer mwaka 1973, kisha Deewaar, Sholay na Don. Nikasema hilo nalikubali. Mali hiyo ni ya ubia. Si kila nyumba ina mwenyewe mmoja. Ila nikamwuliza: Don ya mwaka 1978, dairekta wake nani? Kijiwe kizima, kimya. Hata yeye. Ni Chandra Barot, mzaliwa wa nchi hii hii yetu ya Tanzania! Mtu kazaliwa kwetu, kaongoza moja ya filamu kubwa za Amitabh, na hapa Ngamiani hakuna aliyemjua. Sisemi ni haki. Nasema ndivyo macho yetu yalivyofanya kazi miaka yote hiyo: yalimfuata mwenye mdundo.

Ndipo kijana akacheka, akafungua simu yake, akakiri jambo alilokuwa kalificha. Hata huko kwao wasomi walishagombana. Mwaka 1975 Mmarekani Patrick McGilligan alitoa kitabu kizima kuhusu James Cagney, hoja yake kwamba mwigizaji naye anaweza kuwa otea. Cagney, mtu mfupi wa New York, aliyeigiza jambazi kwenye The Public Enemy mwaka 1931 chini ya William Wellman, akaigiza jambazi mwingine kwenye White Heat mwaka 1949 chini ya Raoul Walsh. Miaka 18 katikati, madairekta tofauti, na umeme ule ule mwilini. Nikamwuliza, huyo Cagney alianzia wapi kazi? Akasoma, akanyanyua nyusi. Jukwaani. Alikuwa mcheza dansi.

Mfyuuu! Sikusema?

Lakini nisije nikaonekana nagawa vyeo kama kadi za harusi. Si kila stelingi ni otea. Wapo wazuri wa sura ambao kila filamu wanavaa kile walichopewa na kusema kile kilichoandikwa. Hao ni ng'ombe wa kwenye pakiti hasa, kijana hakukosea. Kipimo changu kina maswali matatu. Kwanza, ukibadilisha dairekta, anabaki yeye? Pili, hadithi inapinda kumfuata, au yeye ndiye anayepinda? Tatu, na hili ndilo zito: ukimwondoa, filamu inasimama? Bruce Lee kafaulu yote, na swali la tatu wamemsahihishia Game of Death kwa wino mwekundu. Na Hitchcock naye, kwa upande wake wa kamera, kafaulu vilevile. Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na wanaosema kiti ni kimoja na kimeshakaliwa.

Na ukitaka mfano wa nyumbani, huna haja ya kupanda basi. Amri Athumani, King Majuto wetu, mtoto wa Tanga, alianza kuigiza mwaka 1958 akiwa bado mtoto, akaigiza mpaka uzeeni, akafariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Miaka yote hiyo, kaongozwa na watu wangapi? Sijui jina hata la mmoja, na najua kila mkunjo wa uso wake. Mzee bahili, mzee mkware, mzee aliyefumaniwa: mlango unafunguliwa, anasimama, anatazama pembeni, hajasema neno, na sebule nzima mpaka bibi kitandani wanacheka. Wanacheka nini? Hajasema kitu! Wanacheka kile kimya. Majuto alijua kukiacha kimya kiive kama ndizi chini ya majani, halafu akitoa neno, hata liwe "ehee" tu, limeshakuwa tamu. Yeye na Bruce Lee walikuwa wanafanya kazi moja. Mmoja alisubiri ili apige, mwingine alisubiri ili aseme.

Hapo ndipo maana zote nne zilipokutana kwenye benchi letu. Otea wa Kifaransa na otea wa kichakani ni mtu mmoja. Na kama unasema kakaa nyuma ya mabeki kabla ya pasi, sawa, kaotea. Alikuwa kashafika mahali ambapo dairekta alikuwa bado anapapigia mahesabu.

Sasa nina ombi kwenu, vijana mnaoigiza siku hizi. Mnaongea sana! Mlango ukifunguliwa mnaongea, mkilia mnaongea, mkipigwa kofi mnaongea kabla shavu halijapata moto. Mnaogopa kimya kama deni. Mtazameni Majuto, mtazameni Bruce Lee, na mzime sauti mnapotazama. Mhesabu sekunde kabla ya teke, na sekunde kabla ya neno. Mtakachokiona hapo hakikuandikwa na mtu kwenye karatasi, na hakuna dairekta anayeweza kuwakopesha.

Babu kakusanya vikombe, kijana kalipia vitatu, na hukumu ya kijiwe ni hii: dairekta apewe kiti chake, mwandishi apewe chake, hata fundi cherehani tumempa kigoda. Lakini picha ya Bruce Lee ni ya Bruce Lee, na ataendelea kuitwa hivyo kwenye kila ubao wa chaki.